Mimi Ndiye Nyawira wa Ule Wimbo

Ukifika soko la Jericho hapa Nairobi ukauliza kibanda cha nafaka cha Nyawira, mtu yeyote atakuonyesha, na kabla hujaondoka atakuimbia. Si kwa ubaya. Ataimba tu, "Nyawira fungua, mvua inaninyeshea," halafu atacheka, na wewe utacheka, kwa sababu wimbo huo unaujua tangu utotoni. Mimi nitakupimia maharagwe yako bila kucheka. Nilicheka miaka mitano ya kwanza, nikachoka.

Ndiyo, ni mimi. Nina miaka arobaini na sita, gorogoro la bati la kupimia nafaka mkononi, na magoti yanayolia asubuhi nikiinama kufungua kufuli. Watoto wa shule wakinikuta nafungua hiyo kufuli hupiga kelele, "Nyawira funguaaa!" Wazazi wao wenyewe hawakuwa wamekutana wimbo ulipotoka. Watu wakiambiwa ni mimi hunitazama juu mpaka chini, wakashangaa. Sijui walitarajia malaika.

Wimbo ni wa Sylvance Owuor, kijana wa mtaa wa Mbotela, mtoto wa mtu wa reli. Mwaka 2006 alirekodi albamu inayoitwa Mlango, nyimbo tisa, ikatoka mwezi wa kwanza mwaka uliofuata, na wimbo wa mwisho ndio huo wenye jina langu. Kinanda cha umeme, ngoma za kompyuta, mdundo wa kuwarusha watu. Haukukosa harusi, haukukosa baa. Hadithi yake unaijua: kijana amefika na wazee wake kwa mpenzi wake kujitambulisha, mvua inanyesha, na msichana amebadili nia, amemfungia mlango usoni. Watu wakamhurumia kijana. Mimi nikawa yule msichana asiye na utu.

Uongo mtupu. Wacha nikwambie ilivyokuwa, na unisikilize vizuri kwa sababu nimelieleza jambo hili mara chache sana.

Baba yangu, mzee Githinji, ni fundi seremala. Alikuja Nairobi akiwa kijana, akapata nyumba ya kanso, ya baraza la jiji, hapa Jericho, na humo ndimo alimotulea. Nilipomwambia nimempata mtu, na mtu mwenyewe ni Mjaluo wa Mbotela anayepiga gitaa, alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Mlete." Ndugu zake walipopata habari walikuja mbio kutoka kijijini Othaya, wakamwuliza kama vijana wa Kikuyu wamekwisha Nairobi nzima. Baba akawapinga. Mtu mmoja dhidi ya wanane, akawaambia huyo kijana amezungumza naye, amemwona ni mtu, na wao waje Jumamosi wamwone wenyewe. Sikuwahi kumpenda baba yangu kama siku hiyo.

Sylvance alisema angefika saa sita mchana, yeye na wazee watatu, wakiongozwa na mjomba wake Zedekiah. Tulichinja mbuzi. Mama alisonga mukimo wa viazi na mahindi sufuria mbili kubwa, akapika njahi, yale maharagwe meusi, akakaanga kuku watatu. Muratina, pombe yetu ya asali, ilitoka Othaya kwenye dumu la lita ishirini. Na kwetu, chakula cha wageni wa aina hiyo hakiguswi kabla wageni hawajaingia. Haonji mtu. Hata mtoto akilia anapewa mkate.

Saa sita ikafika. Saa nane wazee wakaanza kutazama saa. Simu ya Sylvance ilikuwa imezimwa. Saa kumi Mama alizifunika sufuria upya kwa mara ya nne, na harufu ya mbuzi ilikuwa imejaa nyumba nzima, na wale wazee tisa, Baba na ndugu zake wanane, walikuwa wamekaa kwenye viti vya kuazima wakimeza mate. Saa kumi na mbili baba mkubwa akasimama, akavaa kofia. Wakatoka wote na njaa yao, Baba akiwasindikiza mpaka barabara ya Jogoo.

Aliporudi aliniuliza swali moja. "Ulimwambia asije?"

"La, Baba."

Akaingia chumbani. Chakula tuligawia majirani, na Mama alikuwa akilia huku akipakua.

Mwezi wa kwanza wimbo ukatoka. Baba aliusikia kwenye redio ya karakana, mbele ya wanafunzi wake. Jioni alirudi, akaketi, na tangu siku hiyo hakunisemesha tena. Hakunipiga, hakunifukuza. Alininyamazia tu. Akitaka chai alimwambia Mama, "Mwambie alete chai," nami nimesimama pale pale, birika mkononi. Mama alipofariki mwaka 2011, akawa anamtuma binti yangu Wangu. Sasa Wangu yuko chuoni Eldoret, mzee amebaki na mimi pekee, basi anasema na hewa. "Chai ingekuwa nzuri." Na mimi naleta chai. We acha tu.

Nilijaribu kumweleza. Nilijaribu hata sijui mara ngapi. Nikisema tu "Baba, ile siku," anachukua fimbo yake anatoka. Nikaelewa ya kwamba alimwamini Sylvance, kwa sababu Sylvance alisema kwenye redio na mimi nilisema jikoni. Hata mwanamume niliyezaa naye Wangu aliwahi kuniambia tukigombana, "Ndiyo maana ulimfungia mwenzako." Huyo nilimfukuza. Baba huwezi kumfukuza. Mwaka huu ametimiza miaka themanini na tatu, na daktari ameniambia moyo wake umechoka, tusimpandishe hata ngazi. Nilichotaka duniani kilikuwa kimoja: asife akiamini kwamba nilimwaibisha mbele ya ndugu zake kwa kusudi.

Sasa, mwezi wa tano, Jacklyne akanijia kibandani anakimbia. Jacklyne anauza samaki meza ya tatu kutoka kwangu, na ni mtu pekee sokoni anayeniita Mama Wangu, kwa heshima.

"Mama Wangu, umesikia? Sylvance anarudi na Mlango."

"Arudi nao wapi? Umewahi kuondoka?"

"Ngoja basi! Ametimiza miaka ishirini tangu aurekodi. Anaurekodi upya, nyimbo zote tisa, kwa gitaa kavu. Hakuna kinanda, hakuna ngoma. Yeye na gitaa lake tu. Na atarekodia hapa hapa Jericho, kwenye ukumbi wa mtaa, Jumamosi ijayo saa nane, watu wakiwa ndani."

Nikaweka gorogoro chini. Ule mdundo ulikuwa umenificha kidogo, unaelewa? Watu walicheza, wakashika jina na mlango na mvua, mengine yakapita. Kwa gitaa moja kila neno lingesikika. Lingerekodiwa safi, lingekaa miaka mingine ishirini, na Baba angezikwa nalo.

Jumatano nikamwachia Jacklyne kibanda, nikaenda mtaa wa Umoja.

Sylvance anakaa kwa dada yake, kwenye chumba kilichoongezwa juu ya nyumba, ngazi za chuma zikipandia nje. Baada ya Mlango alitoa albamu mbili ambazo hakuna anayezikumbuka, kisha ikawa kwaya za kanisa na kuimba kwenye matanga. Nilipofika juu nikamsikia ndani akifanya mazoezi. Nikasimama. Ulikuwa ule ule, lakini ameupunguza mwendo, na pale kinanda kilipokuwa kikipiga kelele sasa palikuwa na nyuzi mbili zinazojibizana. Ulikuwa mzuri, bwana. Ulikuwa mzuri kupita ule wa kwanza, na hilo lilinikasirisha.

"Hodi!"

Gitaa likakata. Mlango ukafunguka, akasimama pale na ndevu zimeota mvi. "Nyawira," akasema.

"Usianze kuimba."

Akaondoa nguo kwenye kiti. "Karibu, keti."

"Sikuja kuketi. Ulikuwa wapi ile siku?"

Miaka ishirini, na sikuwahi kumwuliza. Tulipishana mara mbili hivi, matangani, akainamisha kichwa kama mwizi. Sasa alikuwa hana pa kupita.

"Studio," akasema. "Hapa hapa Umoja. Kuna mtu aliahirisha, prodyuza akanipigia asubuhi, akasema nisipoingia leo ni mpaka Disemba. Nikajiambia naimba masaa mawili nawahi. Nyawira, haki ya Mungu nilikuwa nimevaa suti. Niliimba nikiwa na suti."

"Na simu?"

"Ilikuwa inaharibu sauti kwenye mashine. Nikaizima. Nilipotazama saa ilikuwa saa tisa na nusu, nikaogopa. Nikaona nimeshaharibu, sasa nitaingiaje. Jioni prodyuza akasema albamu bado fupi, ongeza wimbo mmoja. Ndio huo."

"Siku hiyo hiyo?"

"Saa kumi na moja hivi."

Nikakaa bila kuambiwa. Saa kumi na moja mama yangu alikuwa jikoni akipasha njahi, akiniambia labda gari limeharibika. Mwenzangu alikuwa mitaa mitatu kutoka hapo, ameshika maiki, ananiimbia kwamba nimemfungia.

"Hata mvua haikuwepo," nikasema. "Jua lilikuwa kali."

"Najua."

"Kwa nini ukasema nilifunga?"

Alisugua uso kwa viganja. "Ningeimbaje ya kwamba walinipikia na sikwenda? Nani angecheza wimbo kama huo? Nilidhani hautafika popote, Nyawira. Ukafika. Watu wakaupenda, na kila walivyozidi kuupenda ndivyo nilivyozidi kuogopa kukuona." Kisha akainua macho. "Lakini nimefikiria. Nitalitoa jina lako. Nitaweka lingine. Awiti linaingia vizuri tu, sikiliza..."

Akanyoosha mkono kwenye gitaa. Yaani alitaka kunionjesha!

"Thubutu!" Nilisimama. Dada yake chini akaita kuuliza kama kuna usalama. "Utaweka Awiti, na watu watasikia Nyawira. Uongo utabaki wangu. Jina liache pale pale. Badilisha kilichotokea."

"Watu wanakuja kusikia Mlango wanaoujua."

"Shauri yao."

"Nyawira, nina miaka arobaini na tisa. Watu hawatanijazia ukumbi tena. Nikiharibu Jumamosi, basi."

"Na Baba ana themanini na tatu. Anaamini nilikutumia neno usije ili nimwaibishe. Amekaa miaka ishirini hanisemeshi. Nitamleta Jumamosi, nitamweka mbele, na wewe utamwambia kwa mdomo wako kama ulivyomwambia mara ya kwanza. Ukitaka kuharibu, haribu mbele yake."

Nilimwona akihesabu, na nilijua anahesabu nini, kwa sababu hata mimi sokoni nina siku zangu za kuogopa kupoteza wateja. Mwishowe akasema, "Nitaimba."

"Mara ya mwisho kuniahidi ulisema saa sita."

Nikashuka ngazi nikiwa simwamini hata kidogo.

Kazi nyingine ilikuwa kumtoa Baba nyumbani. Siku tatu sikupata usingizi wa maana nikipanga maneno. Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, nikasimama mbele yake. "Baba, naomba unisindikize ukumbini."

Akauambia ukuta, "Kuna nini huko."

"Sylvance Owuor anaimba. Anaimba ile albamu upya."

Akageuza kichwa akanitazama. Mimi, si ukuta. Nikajua sasa atachukua fimbo atoke, na kweli akachukua fimbo. Kisha akachukua koti. "Twende," akasema. Ilinishangaza hata nikasahau kufunga dirisha. Tukaenda polepole, nikimshika kiwiko, tukipumzika kila mlingoti wa stima.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu kama mia tatu, wale waliokuwa vijana mwaka ule, sasa wana vitambi na miwani. Nilimweka Baba mstari wa mbele, kiti cha pembeni, sikio lake la kulia likielekea jukwaani kwa sababu la kushoto lilishakufa na kelele za msumeno. Jacklyne akaketi nyuma yetu. Maiki zilikuwa zimening'inizwa hata juu ya vichwa vya watu ili hata makofi yarekodiwe, na mafundi wawili walikaa kwenye mashine zao pembeni. Mshereheshaji akasema, "Mnajua maneno au hamjui? Basi mkiyajua imbeni, nataka Nairobi nzima isikie!"

Sylvance akaingia, suti ya kijivu, akakaa kwenye stuli. Akaanza na zile nyimbo nane, moja baada ya nyingine, na watu walizisikiliza vizuri, wengine wakifuta machozi, kwa kuwa kwa gitaa tupu walikuwa wanazisikia kwa mara ya kwanza. Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa nahesabu tu. Sita. Saba. Nane. Baba alikuwa ameweka mikono juu ya fimbo, haonyeshi lolote.

"Huu wa mwisho," Sylvance akasema, "nimebadilisha maneno kidogo."

Watu wakapiga vigelegele. Sidhani walisikia alichosema. Akapiga zile nyuzi mbili zinazojibizana, akafunga macho, akaanza:

"Nyawira alifungua..."

"Nyawira funguaaa!" ukumbi mzima ukaitikia. "Mvua inaninyeshea!"

Jamani. Watu mia tatu, kwa furaha, kwa upendo, wakiimba yale yale. Sylvance alikuwa anaimba vingine, midomo yake niliiona, lakini sauti yake ilikuwa imezama. Akasimamisha gitaa. "Jameni, nimesema nimebadilisha."

"Ya zamani!" mtu akapiga kelele nyuma, wengine wakapiga miguu chini. Mama mmoja karibu nami akamwambia mwenzake, "Maskini, amesahau maneno," akasimama kumsaidia, akiinua mikono kuongoza wengine.

Akaanza tena. Wakamfunika tena, wakapaza zaidi, maana sasa waliamini kweli amesahau.

Baba akaniinamia. "Wanasema nini?"

Aliniuliza mimi, kwa mdomo wake, baada ya miaka ishirini, na jibu nililokuwa nalo lilikuwa hilo. "Wanasema yale yale, Baba."

Nikamtazama Sylvance. Alikuwa ananitazama, jasho likimtiririka, na nikaona mdomo wake unaanza kuwafuata. Neno moja la zamani, kisha la pili. Alikuwa anakubali. Alikuwa anakwenda studio tena mbele ya macho yangu.

Nikasimama. "Nyamazeni!"

Soko linakupa sauti, hilo nalishukuru. Mstari wa mbele ukanyamaza, wa nyuma ukageuka. Kisha mtu akanitambua. "Ni yeye! Ni Nyawira mwenyewe!" Kicheko, makofi, simu zikainuliwa. "Nyawira fungua!" Walidhani nimepangwa, kwamba ni sehemu ya onyesho.

"Ni mimi," nikasema. "Sasa nisikilizeni. Siku hiyo tulichinja mbuzi. Mama yangu, marehemu, alisonga mukimo sufuria mbili. Kuku watatu. Wazee tisa walikaa kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi na mbili jioni na hakuna aliyeonja hata mchuzi, kwa sababu tulikuwa tunangoja wageni. Mama alifunika sufuria na kufunua mpaka kitambaa kikalowa. Hakuna aliyebisha hodi. Nisingeweza kumfungia mtu ambaye hakuja."

Wa kwanza kunyamaza walikuwa akina mama. Mwanamke yeyote aliyewahi kupikia wageni wasiofika anajua aibu hiyo inavyokaa. Yule aliyekuwa akiongoza nyimbo akashusha mikono, akaketi. Kimya kikaenda mpaka nyuma.

Nikamgeukia Sylvance. "Baba anasikia sikio moja. Shuka."

Fundi mmoja wa mashine akapunga mkono kwamba akishuka maiki za jukwaani hazitamshika. Sylvance alimtazama fundi, akanitazama mimi. Akashuka. Akavuta kiti, akakaa mbele ya Baba, magoti kwa magoti, akaimba kwa sauti ya mtu anayezungumza:

"Nyawira alifungua, nyama ilikuwa mezani,
wazee wamekaa, jua limesimama,
hodi haikusikika, maana sikuja mimi,
nilikuwa nikiimba, na wao wakingoja."

Aliimba beti zote tatu. Hakuna aliyekohoa. Nilikuwa nikimtazama Baba, uso wake tu, nikisubiri uvunjike, nikijiambia sasa ameelewa, sasa atanigeukia. Sylvance akamaliza, akaweka kiganja juu ya nyuzi. "Nisamehe, mzee," akasema. "Hakuna aliyenifungia."

Baba akainua macho. "Zedekiah alikufa lini?"

Sylvance akanitazama, akarudi kwa Baba. "Mjomba? Mwaka 2014, mzee. Kwani mlijuana?"

"Alikuja karakana kwangu. Jumanne, baada ya ile Jumamosi. Peke yake, kofia mkononi." Baba aliongea taratibu, kama anayepima mbao. "Akaniambia kijana wetu alikuwa akirekodi nyimbo, ni upumbavu wa ujana, hajui hata kama nimekuja. Tupeni siku nyingine tuje tupige magoti."

"Hakuniambia," Sylvance akasema.

"Angekuambia nini? Nilimwambia nikimwona tena Jericho nitamtoa na msumeno. Nikamfungia mlango."

Niliyasikia maneno hayo moja moja. "Baba," nikasema, "ulijua?"

"Tangu Jumanne ile."

"Ulijua sikufanya kitu."

"Nilijua." Alikuwa ananiangalia mimi sasa, na macho yake yalikuwa na maji. "Nilipigana na ndugu zangu kwa ajili ya huyu. Asipofika, mimi ndiye mjinga. Wangenicheka mpaka kaburini. Kisha wimbo ukatoka, wakanipigia simu kutoka Othaya mmoja mmoja, wakasema kumbe binti ndiye aliyemkataa, hongera, umelea. Nikawaacha waseme."

"Na mimi?"

"Nikikuona nilikuwa naona nilichokufanyia. Ikawa rahisi kutokuona."

Jacklyne nyuma yetu alikuwa ameanza kulia, nikasikia akipenga kamasi kwenye leso. Sylvance hakusogea. Tulikuwa hapo watatu, yeye hakuoa, mimi sikuolewa, na mzee katikati na koti lake la harusi za watu.

"Ungeniambia Jumanne hiyo, Baba," nikasema. "Ningemsamehe siku hiyo hiyo."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sikukuambia. Ungemrudisha, nami niwe mjinga mbele ya ndugu zangu mara ya pili."

Nilitaka kupiga kelele. Sauti niliyonyamazishia watu mia tatu niliitafuta, sikuipata. Nilitaka kumwacha kwenye kile kiti atafute mtu mwingine wa kumpikia chai. Lakini alikuwa amechoka, midomo imekauka, na mimi ndiye niliyemleta. Nikamshika kiwiko, nikamwinua, watu wakatupisha njia, tukaanza kurudi nyumbani polepole, tukipumzika kila mlingoti.